Maswali na Majibu: Kabla ya Kuvuta Tela Porini, Lipime

Tela langu huanza kuyumba nikifikia mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Nifunge kifaa gani cha kulituliza?

Usifunge chochote kabla hujalipima. Karibu kila anayeuliza swali hili hutaja aina ya gari na aina ya tela, lakini hasemi tela lina kilo ngapi, wala ni kilo ngapi kati ya hizo zinazoelemea pale linapoungwa na gari. Tela lenye ekseli (mhimili wa magurudumu) katikati hutulia pale ambapo takriban asilimia 10 ya uzito wake imekaa kwenye kiungo. Uzito huo ukipungua sana, mkia wa tela huanza kulitikisa gari, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyokuwa vigumu kulituliza. Ondoa tairi la akiba na madumu ya mafuta uliyoyaning'iniza nyuma, uyasogeze karibu na ekseli, chini kadiri inavyowezekana, kisha urudi kwenye mizani. Likiyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani bila kuhangaika nao. Kama una swichi ya breki za tela peke yake, itumie. Ukikanyaga breki za gari kwa nguvu, tela litakusukuma ubavuni.

Basi nikirundika mzigo mzito mbele ya tela, si ndiyo salama zaidi?

La, na kosa hili huvunja magari mengi. Chukua tela la kilo 1,500 linaloelemea kilo 150 kwenye kiungo kilicho mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na ekseli mbili za gari hilo zimeachana kwa mita 2.8. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150 bali takriban 214, kwa kuwa ile ya mbele imepunguziwa kilo 64, na hizo ndizo ulizozihitaji ili usukani na breki vishike kwenye changarawe. Ongeza abiria, maji na mizigo ya pikapu yenyewe, kisha ipige kwa saa kadhaa kwenye barabara ya makunyanzi, na chesisi hupinda nyuma ya kabini. Springi ngumu zitainua gari lionekane limekaa sawa, lakini haziongezi hata kilo moja kwenye uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji. Fundi anayekuuzia springi hizo bila kukuuliza uzito wa mzigo hakutakii mema.

Je, naweza kufunga kamba kwenye tufe la chuma la kuungia tela ili kulinasua gari lililokwama?

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na jibu halibadiliki: tufe hilo hukatika na kuruka kwa kasi ya kuua, na limekwisha kuua watu. Tumia sehemu imara ya kunasulia iliyofungwa kwenye chesisi, na waondoe watu wote karibu na kamba.

Nipunguze upepo wa matairi ya tela pia, au ya gari pekee?

Yote. Matairi ya tela yaliyojaa upepo hukata mchanga kama jembe huku injini ikihangaika bure. Kwenye mchanga mwororo wengi huanzia psi 18 hadi 20, kwa mwendo wa polepole. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza tena kabla ya kuongeza kasi, kwa sababu tairi laini lenye mzigo hupata joto na kupasuka.

Nikishavuka mto, nikague beringi za tela baada ya muda gani?

Anza kabla ya kuvuka. Beringi zilizopata moto zikizama ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili, yaani mpira unaoziba beringi. Simama ukingoni, uguse kitovu cha gurudumu, usubiri kipoe. Nafasi hiyo itumie pia kukagua kina cha maji na sakafu ya mto. Kwenye kituo kinachofuata, gusa kitovu tena: kikiwa cha moto kuliko cha upande wa pili, au grisi ikitoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Fungua, safisha na upake grisi mpya siku hiyohiyo.