Sabuni kutoa jasho
Dada uliyeuliza kwa nini sabuni yako inatoa jasho, hayo matone unayoyaona juu yake si kwamba umekosea vipimo. Sabuni ya kuyeyusha na kumimina, yaani ile ya vipande vilivyo tayari unavyoyeyusha na kumimina kwenye kalibu, ina gliserini nyingi, na gliserini huvuta unyevu wa hewani; masika ya Moshi ndiyo balaa lenyewe. Ikishaganda itoe kwenye kalibu, uifunge kwa nailoni ya kufungia vyakula siku hiyohiyo. Friji ya kuharakisha kuganda achana nayo, italoa zaidi. Kuyeyusha ni bakuli juu ya maji ya moto, moto mdogo, isichemke. Mapovu juu ya sabuni uliyomimina? Nyunyizia spiriti kidogo, ile ya kusafishia vidonda. Parachichi bichi usitie kabisa, litaoza. Ukitaka kitu cha shambani, tia kahawa kavu iliyosagwa, tena inasugua visigino vizuri.