Kukosea herufi sio ujinga mkuu
Mkuu umemwambia jamaa arudi darasa la kwanza kisa kaandika "apa" badala ya "hapa", sasa hoja yake ya bei ya mbolea umeijibu wapi? Mi mdogo wangu ana disleksia, yaani kusoma na kuandika kunamsumbua japo akili anayo, ni fundi simu, anabadilisha kioo huku anapiga stori na wateja, ila mpe aya moja asome utamwonea huruma, jasho linamtoka, mstari mmoja anaurudia mara tatu. b na d zinamchanganya mpaka leo. Siku moja kanitumia meseji "baba kafika" nikatoka mbio kazini, kumbe dada 😂. Shuleni alichapwa sana, eti mvivu.

Na hii kitu sio ya juzi, mwaka 1896 daktari mmoja Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, akili nzuri tu, hesabu anapiga, lakini kusoma kunamshinda. Kwetu inajificha zaidi maana Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwahiyo wengi herufi wanazipatia ila spidi ya kusoma ndo hamna, hawashtukiwi.

Halafu sio kila kosa ni disleksia, "kura" kwa "kula" mara nyingi ni lugha ya nyumbani tu, na hiyo "apa" watu kibao ndo wanavyotamka.

Mdogo wangu siku hizi hata haandiki, anatuma voisi tu, dakika nne nne, tunakoma.