Ukiitwa mezani ghafla China

SWALI: Mwanangu anatoka Ujiji kwenda kusoma Wuhan. Nasikia huko marafiki huitana kula bila taarifa. Nani hulipa? Pombe hanywi. – Mama, Kigoma

JIBU: Mama, kwa kawaida hulipa aliyealika, mwanao naye awaalike siku nyingine. Vijiti vya kulia asivisimamishe kwenye wali: hufanana na udi unaochomwa kuwakumbuka wafu.

Pombe ndiyo ya kuangalia sana. Baijiu, pombe kali ya Kichina, mara nyingi ina kilevi cha asilimia 40 hadi 60, na akipokea kikombe cha kwanza atajaziwa tena na tena. Aseme hanywi kabla hajamiminiwa, kisha agonganishe kwa chai, ukingo wa kikombe chake ukiwa chini ya ule wa mkubwa wake. Inakubalika kabisa.