Kabla hujajaza namba za NAICS kwenye SAM.gov

Ndugu yangu unayeanza kutafuta zabuni za serikali kuu ya Marekani, ukifika pale SAM.gov, tovuti ya kujisajili kwa zabuni hizo, wanapokuuliza namba za NAICS, yaani namba zinazoonyesha aina ya biashara yako, usijaze kwa haraka. Mimi nilijaza kwa haraka. Nilikuwa nimeshapata UEI, utambulisho wa kampuni wa herufi na tarakimu 12 uliochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwaka 2022, na nilitaka kumaliza usiku uleule. Kampuni ilikuwa ya usafi wa maofisi na ukalimani wa Kiswahili, lakini niliorodhesha namba zaidi ya 20: ujenzi, usafirishaji, upishi, ushauri, chochote kilichoelekea kuwa na riziki. Niliamini kwamba nyavu zikiwa nyingi, samaki watakuwa wengi.

Mwaka ukapita bila simu hata moja. Nilipokwenda kuonana na mshauri wa APEX Accelerator (ofisi hizi za kuwasaidia wanaotafuta zabuni zipo sehemu nyingi nchini na ushauri wao ni bure), aliniuliza swali moja tu: kati ya namba hizi, ni ipi una kazi uliyokwisha kuifanya, na mteja ninayeweza kumpigia simu leo? Zilibaki mbili. Afisa wa manunuzi akiona kampuni ya watu watatu inayodai kujenga barabara, kupika na kutafsiri, hajui akukumbuke kwa lipi.

NAICS ni mfumo wa pamoja wa Marekani, Kanada na Mexico. Ulianza 1997 na hupitiwa kila baada ya miaka 5. Namba ina tarakimu 6, na husomwa kutoka kushoto, kutoka kwenye pana kwenda kwenye finyu. 5617 ni huduma za majengo na makazi. Ukifika 561720 uko kwenye usafi wa majengo, ule wa kufagia, kupiga deki na kusafisha vyoo.

Hapa ndipo wengi wetu wa kazi za usafi tunapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anasema "mimi nafanya usafi" na kuweka 561720 peke yake. Kuosha mazulia kuna namba yake, 561740. Kuosha kuta za nje kumewekwa 561790, ingawa kusafisha madirisha kumebaki kwenye 561720. Na ukiitwa kusafisha ndani ya jengo ambalo mafundi ndio kwanza wametoka, hiyo huhesabiwa chini ya ujenzi, 238990. Ndoo ni ileile, fagio ni lilelile, lakini zabuni haitatangazwa mahali unapotazama. Nenda kwenye tovuti ya Census, ofisi ya sensa ya Marekani, andika jina la kazi kwa Kiingereza cha kawaida, kisha usome maelezo yote ya namba, hasa sehemu inayotaja kazi zisizohusika. Sehemu hiyo ina faida kuliko jina lenyewe.

Kwa wakalimani na watafsiri, namba ni 541930, na lugha ya alama imo humo. Ongeza na PSC, namba za bidhaa na huduma ambazo maafisa huzitumia sambamba na NAICS. Tafsiri na ukalimani ni R608. Kisha ingia USAspending.gov, tafuta mikataba iliyokwisha kutolewa inayofanana na kazi yako, uone wanunuzi waliiweka chini ya namba gani. Mimi huamini mikataba hiyo kuliko ninavyoamini hisia zangu.

Sasa uzito wa jambo. Kila namba ina kipimo cha SBA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia biashara ndogo, kinachosema nani ni biashara ndogo. Kwa usafi, 561720, ni wastani wa mapato ya dola milioni 22 kwa mwaka, kwa hesabu ya miaka 5. Kwa kuosha nje ya majengo ni milioni 9. Viwandani hupimwa kwa idadi ya wafanyakazi. Kwa hiyo kampuni moja inaweza kuwa ndogo kwa namba hii na kubwa kwa ile. Na kipimo kinachokuhukumu ni cha namba aliyoiweka afisa kwenye zabuni, hata kama namba yako kuu ni nyingine. Ukiona ameweka namba isiyolingana na kazi, mwandikie mapema umuulize. Rufaa ya namba hupelekwa SBA ndani ya siku 10 tangu tangazo kutoka, na siku hizo huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili.

Wanaouza bidhaa, tafadhali zingatieni hili. Ukinunua viti na kuviuza, utavutiwa na namba za jumla na rejareja, zinazoanza na 42, 44 au 45. Serikali haizitumii kutangaza zabuni za bidhaa. Hutumia namba ya anayetengeneza, kama 337214 kwa samani za ofisi zisizo za mbao. Muuzaji asiyetengeneza ana kanuni zake, mojawapo ikiwa asizidi wafanyakazi 500.

Jingine linagusa desturi yetu. Sisi huanzisha biashara na kaka, dada, mume au mke, na kampuni zetu hupeana kazi. SBA inaweza kuzitazama kama kampuni moja na kujumlisha mapato yake. Undugu si kosa, ila jumlisha mwenyewe kabla hujajitangaza kuwa mdogo.

Dada zangu mnaoomba cheti cha WOSB, yaani cha biashara ndogo inayomilikiwa na wanawake, angalieni kwanza kama namba yenu imo kwenye orodha ya SBA, maana zabuni zilizotengwa kwa wanawake hutolewa kwa namba zilizomo humo tu. Na ukihamia zabuni za majimbo, uliza upya: Texas, kwa mfano, hutumia mfumo mwingine wa namba, NIGP.

Usajili huhuishwa kila mwaka. Siku hiyo mimi hufungua jedwali la vipimo la SBA na kupitia namba zangu moja moja, kwa sababu vipimo hubadilika. Kujisajili na kuhuisha ni bure. Atakayekupigia akidai ada ya SAM si mtu wa serikali.