Soli ya mpira kwa farasi wa mbio: anza na ukwato, mpira utafuata

Mdogo wangu, umeuliza kama mradi wako wa mwisho wa uhandisi wa mitambo unaweza kuwa kiatu cha farasi wa mbio chenye soli ya mpira wa tairi, ili kupunguza mshindo miguuni. Wachangiaji wa hapo juu wamekucheka eti unataka kumvalisha farasi akala. Waache wacheke. Mimi ni fundi wa kwato, kazi yangu ya miaka yote imekuwa kwenye mazizi ya farasi wa uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, na nakwambia wazo lako lina msingi. Ila umeanzia pasipo pake. Unawaza ulaini, na ulaini ndio wenye mchango mdogo kuliko yote.

Tufanye hesabu, maana nyinyi ndiyo lugha yenu. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500. Akienda shoti, kuna wakati mguu mmoja wa mbele unabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wake, yaani zaidi ya tani moja, na yote hayo yanaisha ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Soli yako yenye unene wa milimita tano itabonyea milimita moja, labda mbili. Nyasi za Ngong baada ya masika zinabonyea kwa sentimita. Nani hapo amepokea mshindo? Ndiyo maana simu za saisi, yaani watunza farasi, huanza kuingia kwangu Januari na Februari, ardhi ikishakauka, kwamba farasi fulani hataki kunyoosha hatua. Kiatu ni kilekile alichovaa wakati wa mvua.

Halafu kuna ukwato wenyewe. Unapotua na kubeba uzito, visigino vyake vinatanuka kidogo, na ile sehemu ya pembetatu iliyo chini, pamoja na mto wa nyama ulio juu yake, inafanya kazi ya kupokea nguvu. Kwa hiyo misumari tunaipiga nusu ya mbele tu, haivuki pale ukwato unapokuwa mpana zaidi. Ukiziba visigino visitanuke, umeua kipunguza mshindo alichozaliwa nacho farasi ukaweka chako cha dukani. Hapa viatu vya gundi, vile vinavyogandishwa bila misumari, huwa na mtego: fundi asiye mwangalifu anapaka gundi hadi nyuma kabisa, ikikauka visigino vimefungwa. Si kwamba gundi ni mbaya. Farasi Big Brown alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, mwaka 2008 akiwa na viatu vya kugandishwa kwenye miguu ya mbele. Lakini yeye kwato zake zilikuwa na matatizo ya ukuta, na ukuta dhaifu haupendi misumari. Gundi ilitibu tatizo hilo kwanza.

Jambo ambalo sijaona mtu akiligusa kwenye uzi huu ni kuteleza. Farasi akikimbia kilomita 60 kwa saa, ukwato ukigusa ardhi hausimami papo hapo, unateleza kidogo mbele kabla ya kushika. Mtelezo huo mfupi ndio unaoipa miguu muda wa kupunguza mwendo bila kifundo na mifupa kupigwa ghafla. Mpira unashika. Juu ya ardhi kavu utashika mno, na utakuwa umepunguza mshindo wa kutoka chini huku ukiongeza ule wa kutoka mbele. Kisha nyasi zikilowa, mpira huohuo unaweza kuteleza kupita kiasi, na joki aliye mgongoni hatakushukuru. Usidharau hili. Mwaka 1996 watafiti wa California walichapisha matokeo yakionyesha kwamba farasi waliovaa viatu vyenye meno ya chuma kwenye ncha, yale ya kuongeza mshiko, walihusishwa zaidi na majeraha ya kuua. Viwanja vingi vya Marekani vikaja kuyapiga marufuku kwa miguu ya mbele.

Kuhusu uzito: kiatu cha mbio cha alumini kina gramu mia na kitu. Cha chuma chenye umbo hilohilo kinakaribia mara tatu. Mpira ni mwepesi, sawa, lakini mpira mtupu hautashika misumari. Mguu ukicheza juu ya kitu laini, msumari unachezacheza, tundu linapanuka, ukuta wa ukwato unapasuka, na kiatu kinabaki uwanjani. Utahitaji kiini cha alumini ndani, na mpira au poliurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, juu yake. Hapo unene unaongezeka, farasi anainuliwa, na ncha inachelewa kung'oka ardhini, jambo ambalo linavuta kano. Ipe ncha ya kiatu mviringo tangu mchoro wa kwanza, ili ing'oke upesi.

Tairi lenyewe liache. Lina nyuzi ndani na ugumu wake haulingani kila mahali, huwezi kurudia jaribio ukapata jibu lilelile. Tafuta poliurethani ya ugumu unaojulikana, umwage kwenye umbo. Na uchague inayomeza nguvu, isiwe ya kuirudisha kama chemchemi, kwani mtikisiko wa kurudi nao unapanda mguuni.

Katika kupima mshindo, usifunge simu kwenye mguu. Kihisi cha mtikisiko kilicho ndani ya simu kitafika kikomo ukwato unapogonga tu, utapata mstari bapa na kudhani umegundua kitu. Tafuta kihisi cha viwandani, kigandishe kwenye ukuta wa ukwato, ulinganishe kiatu chako na cha alumini kwa farasi mmoja, ardhi ileile, asubuhi ileile. Pima pia urefu wa mtelezo kwa kamera ya mwendo wa polepole. Anza na farasi wa kutembezwa tu, daktari wa mifugo akiwepo. Shoti ije baadaye sana, na kabla ya kufikiria siku ya mbio waulize wasimamizi ni viatu gani wanaruhusu.

Ukiwa na mchoro uweke hapa hapa, nitakuonyesha matundu ya misumari yakae wapi.