Profesa ametutoka, wadudu wake tuwafanyeje?

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ni wanafunzi wanne wa zamani wa profesa wa elimu ya wadudu aliyefariki mwezi uliopita hapa Morogoro. Alitulea kama watoto wake. Nyumbani ameacha masanduku 31 ya wadudu waliochomwa pini, chupa za spiriti na madaftari ya porini. Mama anaomba chumba kiwe wazi kabla ya arobaini. Tumefungua sanduku moja tukakuta unga wa kahawia chini ya vipepeo. Tuanzie wapi?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Anzeni na huo unga, hata kabla ya kupanga nani atazungumza siku ya arobaini. Ni mabaki ya chakula na kinyesi cha lava (watoto walioanguliwa, wanaofanana na funza) wa mbawakawa wadogo wa jenasi Anthrenus, ambao chakula chao ni wadudu wakavu. Tazameni kwa lenzi pembeni mwa sanduku: mtaona lava mfupi wa kahawia mwenye manyoya, au maganda aliyojivua. Sanduku moja likiambukizwa, mengine yote yahesabuni kuwa hatarini.

Dawa yake ni baridi. Kila sanduku lifungeni kwa nailoni nzito, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha liingie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hesabu inaanza upya. Mkilitoa, msilifungue mpaka zipite saa 24. Wengi huharibu hapa: ukifungua mapema, hewa ya joto inagusa wadudu wa baridi, maji yanatanda juu ya mbawa, na baada ya siku chache ukungu umeshaota. Rudieni mara ya pili kwa ajili ya mayai yaliyosalimika. Vidonge vya naftalini hufukuza wanaotaka kuingia, lakini lava aliyekwisha kuingia usitegemee vitamuua, na mvuke wake haufai chumba wanamolala watu.

Sasa lebo, na hapa tunawasihi muwe waangalifu kuliko popote. Chini ya kila mdudu, kwenye pini ileile, mtakuta vikaratasi viwili au vitatu vya ukubwa wa ukucha. Cha juu husema mahali, mwinuko, tarehe na aliyemkamata, mwezi ukiandikwa kwa namba za Kirumi: 12.iii.1987 ni tarehe 12 Machi, hakuna wa kuisoma kama Desemba 3. Cha chini hutaja jina la spishi na aliyemtambua. Kipepeo aliyepoteza bawa bado ana kazi katika utafiti. Aliyepoteza lebo amebaki pambo. Kwa hiyo msivue lebo hata moja, wala msiandike mpya safi mkatupa ya zamani, hata kama mwandiko wa Profesa hausomeki vizuri. Kiungo kikidondoka, kitieni ndani ya bahasha ndogo ya karatasi muichome kwenye pini ya mdudu huyohuyo. Mkilazimika kugundisha, tumieni gundi nyeupe inayoyeyuka kwa maji. Ile inayokauka papo hapo haibanduki tena. Mkikuta lebo nyekundu, simameni hapo. Kwa kawaida huashiria sampuli ambayo spishi ilielezwa kwayo mara ya kwanza, na hiyo iguswe na mtaalamu tu.

Chupa nazo hazingoji. Katika spiriti, alkoholi huruka haraka kuliko maji, hivyo chupa iliyopungua imebaki na kimiminika dhaifu na wadudu wataoza. Mwageni kilichobaki, muweke alkoholi mpya ya asilimia 70 hadi 80. Ili kupata lita 1 ya asilimia 70, pimeni mililita 730 za alkoholi ya asilimia 96, muongeze maji safi mpaka ifike lita 1. Lebo ikae ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo.

Madaftari yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, maana namba zilizo kwenye pini mara nyingi hufafanuliwa humo tu. Yasitenganishwe na masanduku. Na kabla ya kuhamisha chochote, ulizeni chuo: wadudu waliokusanywa kwa kibali cha chuo huenda si mali ya familia, na Mama asibebeshwe mzozo huo akiwa kwenye majonzi.

SWALI: Tunataka kumpa spishi mpya jina lake na kulitangaza siku ya arobaini. Inawezekana?

JIBU: Kumpa jina, ndiyo. Kulitangaza siku hiyo, hapana. Jina likitajwa kwenye hotuba halina uzito wowote kisayansi. Linahitaji maelezo yaliyochapishwa, tofauti na spishi za karibu, na sampuli moja ya kielelezo iliyowekwa mahali pa kudumu kama makumbusho. Likichapishwa kwa njia ya kielektroniki tu, chapisho liwe limesajiliwa ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya kisayansi ya wanyama. Kwa mwanamume huongezwa -i: Juma huwa jumai. Siku ya arobaini semeni kwamba kazi imeanza, jina litunzeni.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha tatu anauliza Thomas Odhiambo ni nani, na kwa nini kituo cha Mbita kina jina lake. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ni mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi. Alitaka Waafrika wenyewe wachunguze mbung'o, nzige na viwavi wanaotoboa mabua, badala ya kusubiri majibu kutoka nje. Alikiongoza hadi 1994, akafariki Mei 2003. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kilipo kituo cha ICIPE chenye jina la mwanzilishi huyo, ndiko kilimo cha vuta-sukuma kilikotengenezwa miaka ya 1990: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi hao, na matete ya Napier pembezoni mwa shamba huwavuta. Mpeleke akaone.