Chikungunya ni Kiswahili?

SWALI: Nimesoma kuwa Kiingereza kimelichukua neno "chikungunya" kutoka Kiswahili. Mbona silisikii popote ila kwenye habari za mbu? Tena niandike "chikungunya imeingia" au "kimeingia"?

JIBU: Neno hilo, jina la homa inayoenezwa na mbu, ni la Kimakonde. Mwaka 1952 homa isiyojulikana ilizuka Newala na uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, ikaendelea hadi 1953. Viungo vilimuuma mgonjwa hata akatembea amejikunja, na wenyeji wakaiita homa kwa hali hiyo; kitenzi chao ni kukungunyala, yaani kupindana. Watafiti Robinson na Lumsden, walioieleza kitaalamu mwaka 1955, waliliacha jina kama lilivyo.

Walioliita la Kiswahili walidanganywa na ramani: Tanganyika, basi Kiswahili. Wangetazama silabi ya kwanza tu. Chi- ya Kimakonde ni ki- yetu; wenyewe husema Chimakonde, sisi Kimakonde. Katika Kiswahili sanifu ki- mara nyingi hugeuka ch- mbele ya irabu: chakula, chombo, chumba. Mbele ya konsonanti hubaki ki-. Wengine hulihusisha neno hili na "kunja" au "jikunyata". Sauti zinashawishi, lakini kufanana peke yake si ushahidi.

Kwa hiyo andika "chikungunya imeingia", kama malaria. "Kimeingia" ni cha kipindupindu, chenye ki- tunayoitambua kuwa yetu. Ukilikata mwisho wa mstari, kata chi-ku-ngu-nya, mkazo kwenye ngu. "Chi-kun-gu-nya" si mkato wetu. Kwetu n ya "ng" haiachani na g yake.

Kama unataka neno ambalo Kiswahili kinaweza kulidai, tazama "dengue", jina la homa nyingine ya mbu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika habari za homa ya mwaka 1870 ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wanaosema dengue ilizaliwa na hiyo dinga, ikapita Karibi na kuvaa sura ya Kihispania. Ni dhana tu, haijathibitishwa. Ila kuna kioja: maumivu ya viungo aliyoyaeleza Christie yaliwafanya wataalamu wa baadaye waone kuwa kidinga pepo ile huenda haikuwa dengue hata kidogo, bali chikungunya.